SEHEMU YA 3: Foleni ya chanjo siyo uvivu wa nesi

Niliahidi leo foleni ya kliniki. Najua mnavyotusema: "Manesi wanachezea simu, watoto wanalia." Jamani, ile siyo simu. Ni kishikwambi cha mfumo wa chanjo, na ninakikodolea macho kwa sababu kiduara kinazunguka tu.

Piga hesabu na mimi. Mtoto wa wiki 6 anapata chanjo 4: polio ya matone, Penta, ya nimonia na ya kuhara. Wakija watoto 60, hizo ni rekodi 240. Mfumo wetu unataka kila rekodi ihifadhiwe peke yake: bonyeza, subiri jibu, ndipo uende nyingine. Mtandao ukiwa mzito, moja inakula kama sekunde 10. Tayari dakika 40 zimeisha kwa kungoja tu, na mmoja akikwama, wote walio nyuma wamekwama.

Wiki iliyopita mama mmoja aliondoka saa saba mchana na mwanawe hajachanjwa. Alikuwa ameacha genge lake bila mtu. Nilimwona anafunga khanga, nikashindwa hata kumwita. Ningemwambia nini?

Tukilalamika tunajibiwa, mtandao wa huku mbovu, vumilieni. Hapo ndipo ninapokataa. Wewe ukienda sokoni kununua nyanya kumi unabeba kikapu. Hununui moja, ukarudi nayo nyumbani, ukatoka tena kufuata ya pili. Njia ni mbovu, sawa, lakini nani kakutuma uipite mara 240?

Mdogo wangu anajenga mifumo ya tovuti. Nilipomweleza alicheka (mimi sikucheka). Anasema kila ukihifadhi, taarifa inasafiri hadi kwenye seva, hifadhidata inahakikisha imeandikwa sawasawa, ndipo jibu lirudi. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa mkupuo: rekodi nyingi katika ombi moja, zinathibitishwa mara moja mwishoni. Na siyo siri ya wachache. PostgreSQL, hifadhidata inayotumika sana duniani, imeandika ushauri huo kwenye mwongozo wake. Django, zana ya kujengea tovuti, ina amri kabisa ya kazi hiyo, bulk_create. Kwa hiyo msituambie haiwezekani. Semeni hamjafanya.

Wengine watasema kosa la mtoto mmoja litaangusha mkupuo mzima. Linaweza, kama mjenzi ni mvivu. Mfumo ukague tarehe na namba za kadi kabla ya kutuma, yenye kosa iwekwe pembeni nirekebishe, nyingine ziende. Kila rekodi iwe na namba yake ya pekee, ili mtandao ukikatika nikatuma tena, mtoto asiandikwe amechanjwa mara mbili. Na chanjo 4 za mtoto mmoja ziingie zote au isiingie hata moja. Sasa hivi mtandao unakatika katikati, Penta imeingia, ya nimonia haijaingia, halafu mwezi unaofuata mnabishana na mimi juu ya kadi. Mnakuwa na haki, kadi ndiyo iko sahihi.

Ila kuna mtego, na huu unawagusa nyie moja kwa moja. Ukitumia bulk_create, Django haipiti ile njia ya kawaida ya kuhifadhi. Kama ujumbe wa kukumbusha tarehe ya kurudi ulifungwa kwenye njia ile, hautatumwa. Foleni itakwisha, simu zenu zitakuwa kimya, na mtoto wa wiki 10 hataletwa. Kwa hiyo anayebadilisha mfumo apange ujumbe kama kazi yake yenyewe, na aujaribu kabla ya kutuletea sisi.

Sisi manesi tumeshasema mpaka basi, tunaonekana wasumbufu. Nyie hamjasema. Sanduku la maoni liko mlangoni, na karibu hakuna anayeandika. Alhamisi njooni na kikaratasi: saa uliyofika, saa uliyotoka, na sentensi moja, "Tunaomba mfumo uhifadhi rekodi kwa mkupuo." Asiyejua kuandika aniambie, nitamwandikia.

Sehemu ya 4 ni kadi zilizopotea. Wekeni maswali hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.