Mpira wa bustani hauna kazi kwenye lori la korosho

Oktoba ikikaribia, malori yaliyolala chini ya miembe tangu ufuta uishe huanza kuamshwa, Malolo kwetu na Ruangwa nzima. Mengi ni mazee: Isuzu TX, Fuso za zamani, hapa na pale Bedford ambayo mwenyewe keshasahau aliinunua kwa nani. Uzee wao haunisumbui. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947, ilifungwa mwaka 1962, na tangu hapo mzigo wetu unategemea barabara. Lori jipya nani analiweza? Ugomvi wangu ni na kile kinachofungwa kati ya tangi na pampu.

Mimi ni fundi wa dizeli. Nikifunua boneti nakuta mpira wa kijani wa kumwagilia bustani, mpira mweupe wa kuona ndani uliogeuka njano na kukakamaa kama kucha, au bomba la shaba lililong'olewa kwenye friji bovu. Viungo vyote vimezungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nikiuliza, naambiwa: “Fundi, si dizeli inapita?” Inapita, mzee wangu, lakini na hewa inapita.

Hapo ndipo wenye malori wanapoliwa fedha. Kutoka kwenye tangi mpaka pampu ndogo ya kuvutia, mafuta hayasukumwi, yananyonywa. Kwa hiyo ufa wa sehemu hiyo unaweza usidondoshe hata tone. Unaingiza hewa kimyakimya. Asubuhi lori haliwaki mpaka utingo apige pampu ya mkono na kutoa hewa, na likipanda mlima wa Newala linakosa nguvu. Mwenyewe anabadilisha nozeli. Haijapona. Anafungua pampu kubwa, anaipeleka Dar es Salaam kupimwa, inarudi na ugonjwa uko palepale, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye kipande cha mpira kisichofika urefu wa mkono.

Msimamo wangu ni huu: lori kuukuu lifungwe bomba la chuma kwa sehemu kubwa ya safari ya mafuta, lishikwe kwenye chasisi kwa vishikio vyenye mpira, na hosi laini itumike pale tu injini inapotikisika tofauti na chasisi. Hosi iwe fupi, ikae mbali na ekzosi. Bomba liwe na upana unaotakiwa, milimita 8 au 10 kwa malori mengi ya huku. Wapo wanaofunga bomba la breki la milimita 4.75 kwa kuwa ndilo lililopo dukani, halafu wanashangaa injini inasinzia ikiwa na mzigo.

Shaba naikataa ingawa mafundi wenzangu wanaipenda kwa kuwa inakunjika kwa mkono. Mtikisiko wa barabara zetu huifanya ngumu, kisha inapasuka kwenye shingo ya nati. Tena shaba inaharakisha dizeli kuharibika na kutoa utomvu. Bomba lenye zinki nalo halifai, dizeli inaitafuna zinki na uchafu wake unaishia kwenye filta. Mpira wa rejeta ni mzuri kwa maji ya moto, ila ukipata mafuta unavimba. Ule mweupe wa kuona ndani ninao kipande kimoja gereji: naufunga kwa muda nione mapovu yanatokea upande gani, kisha nautoa.

Hosi ya kweli ya dizeli ina nyuzi ndani na maandishi ubavuni. Tafuta SAE J30 R7. Ni ghali, sikatai, lakini haifikii nauli ya kupeleka pampu Dar na kuirudisha.

Mabomba yatokayo pampu kubwa kwenda kwenye nozeli ni habari nyingine. Presha yake inazidi bar 100, na hapo hakuna mjadala: chuma kinene kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, hakiungwi, hakichomelewi. Na kama linavuja, usipapase kwa kidole. Dizeli ya presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Pitisha kipande cha boksi.

Viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya mazao, nao wana nafasi yao. Mnapokodi lori la kupeleka korosho ghalani mnaangalia matairi, mnaangalia turubai. Fungueni na boneti. Ganda la korosho lina mafuta yanayowaka, magunia yanawaka, na upande wa pampu kubwa, ambako mafuta yanasukumwa, dizeli ikirukia ekzosi yenye moto hamtauzima kwa mchanga wa barabarani.

Na kwa wauza spea, naomba jambo moja. Mpira usio na maandishi msimuuzie mtu kwa jina la hosi ya mafuta. Mimi hukata kipande nikakilaza kwenye chupa ya dizeli siku mbili tatu, kando nikaweka kingine cha roli lilelile kikiwa kikavu. Kile cha chupani kikitoka kimenenepa au kimelegea, narudisha roli nzima dukani na vipande vyote viwili nikiwa navyo mkononi.