Tovuti za Shule Zipunguziwe Uzito
Tangu nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, wengi hudhani kuwa intaneti haikawii tena. Mwanafunzi wa Subukia anayengoja ukurasa wa shule yake ufunguke kwenye simu anajua sivyo. Haba na haba hujaza kibaba: picha kumi zilizowekwa bila kupunguzwa zaweza kufikia megabaiti 30, nazo hulipiwa na mzazi.

Yafaa walimu wanaosimamia tovuti wazipime kwa saa, wakitumia simu ya bei nafuu ambayo haijawahi kuzifungua, kwani iliyokwisha kuzifungua huhifadhi nakala na kudanganya. Wapimie kijijini, si katika maabara ya mjini Nakuru. Kisha wapunguze picha, maandishi yatangulie. Tangazo la karo lisilofunguka ni sawa na lisilotolewa.