NATHANI HAKUTUMWA KWA BATHSHEBA

 

Neno letu: 1 Wafalme 22:1-37.

Jumapili nilihubiri juu ya jaboya. Sisi wa ziwa tunaijua. Mama anafika ufuoni na pesa yake mkononi, lakini hapati omena mpaka alale na mvuvi. Nilipotaja neno hilo, kanisa likanyamaza. Wengine wakainamia simu zao. Baada ya ibada mzee mmoja akaniita kando: "Pastor, hayo ni mambo ya ufuoni. Tuhubirie baraka. Wenye boti ndio wanajenga kanisa hili."

Nimeliombea neno hilo wiki nzima. Leo najibu.

Mfalme Ahabu alikuwa na manabii 400, na wote walimwambia aende vitani Ramoth-Gileadi, atashinda. Amebaki mmoja tu, Mikaya. Mjumbe aliyetumwa kumwita alimshauri njiani: wenzako wote wamesema mazuri, na wewe sema kama wao. Unaona? Shauri alilopewa Mikaya ndilo nililopewa mimi nyuma ya kanisa! Lakini Mikaya aliapa kusema tu lile ambalo Bwana atamwambia. Akapigwa kofi. Akafungwa gerezani. Ahabu akaenda vitani, na jioni akafa ndani ya gari lake.

Sasa niulize: ni nani aliyempenda Ahabu? Wale 400 waliomfurahisha, au yule mmoja aliyechukiwa?

Ndugu yangu, hii si hadithi ya zamani. Utafiti wa serikali wa mwaka 2018, KENPHIA, ulionyesha kwamba Homa Bay karibu watu wazima 20 katika kila 100 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Migori walikuwa 13. Jaboya si mlango pekee, lakini ni mlango, na uko wazi. Na nisikike vizuri: kuwa na virusi si dhambi. Meza dawa zako kila siku, usidanganywe na mtu anayekuambia uache kwa sababu umeombewa. Hiyo pia ni kweli ambayo madhabahu nyingine zinaogopa kuisema.

Lakini kisu hiki kinatukata sisi wahubiri kwanza. Tukithubutu kutaja jaboya, tunamkemea nani? Mama mwenye beseni! Yeye ndiye tunamwita mwasherati, anakalishwa nyuma. Mwenye boti tunampa kiti cha mbele na kumshukuru kwa mabati. Yakobo 2 inatukataza. Nathani hakutumwa kwa Bathsheba. Alitumwa kwa Daudi, mwenye nguvu, akamwambia usoni kwamba mtu huyo ni yeye. Mhubiri anayemfokea mnyonge na kumchekea tajiri hajahubiri kweli. Amehubiri nusu, na nusu hiyo ni uongo.

Na kweli iwe na mikono. Akina mama wa Nduru Beach, kule Kisumu, waliungana wakapata boti zao wenyewe. Wanaume wakawavulia, nao wakauza samaki bila kuuza miili. Mwaka 2020 ziwa likafurika likawarudisha nyuma. Lakini walituonyesha: mama hataki jaboya, anataka karo ya watoto. Kanisa linaloweza kuchanga pesa za spika kubwa haliwezi kuchangia chama cha akina mama boti moja?

Mzee wangu, nakuheshimu, na mlango wangu uko wazi. Wenye boti wakiondoka na fungu la kumi lao, tutaabudu chini ya mwembe. Lakini Ezekieli 33 inasema mlinzi akiona upanga na asipige tarumbeta, damu itatakwa mkononi mwake. Nimeshazika mabinti wa ufuoni. Sitaki kusimama kaburini tena nikijua nilinyamaza ili nipendwe.

Wewe mvuvi unayesoma hii, sikuchukii. Tubu leo. Uza samaki kwa pesa. Yesu aliwaita wavuvi kwanza.

OMBI: Baba, tupe mdomo usioogopa na moyo usiochukia. Fungulia mama zetu mlango wa riziki safi. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha mtumie mwenye boti mmoja unayemjua.

Nyasaye ogwedhu.