Barua ya Wazi kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki: Sharti Fupi Tunalo Tayari

Kalemie, Mkoa wa Tanganyika

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka Kalemie, ninakowafundisha vijana kuandika programu za kompyuta. Ombi langu ni moja: Kamisheni itakaposanifu istilahi za fani hii, sharti la programu liandikwe kwa viambishi -ki- na -sipo-.

Sisi hufundisha algoriti kwa Kifaransa: si, alors, sinon, finsi. Tukitafsiri neno kwa neno tunapata "kama, basi, vinginevyo, mwisho wa kama". Bandarini hakuna anayesema hivyo. Mpakiaji wa boti humwambia abiria, "Kilo zikipita 20, utalipa." Kwa Kiswahili sanifu, zikizidi. Sharti zima limo ndani ya kitenzi kimoja.

Napendekeza mstari huu:

ada = 5000 kilo zikizidi 20, la sivyo 0

Lugha ya Python ilipokea umbo la namna hii, thamani ikitangulia na sharti likifuata, katika toleo la 2.5 mwaka 2006, baada ya pendekezo la mwaka 2003 kuzua mjadala mrefu. Sisi husema "nitakuja ukiniita" tangu utotoni.

Faida kubwa iko hapa: wanafunzi wengi huchanganya alama > na ≥. Kiswahili kinazitenga. Kilo zikizidi 20, ishirini yenyewe haimo; zikifika 20, imo; zisipofika, haimo. Anayesoma mstari wake kwa sauti atalisikia kosa lake.

Najua pingamizi. Waundaji wa lugha ya Go waliukataa mkato wa aina hii kwa makusudi, kwa kuwa watu huupachika mmoja ndani ya mwingine hadi hausomeki. Basi iwe kanuni: mstari mmoja, sharti moja; masharti yakizidi, tuandike kwa urefu. Na upatanisho je: ukizidi, zikizidi, yakizidi? Viambishi vya ngeli vinahesabika. Kompyuta inaweza kupewa orodha yake yote.

Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha za taifa, na tangu 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tusikilizeni nasi istilahi zinapoundwa. Mkituita huko kwenu Zanzibar, tutakuja na madaftari ya wanafunzi wetu.

Wako katika kukitumikia Kiswahili,
Mwalimu wa kompyuta, Kalemie