Neno la Kwanza Baada ya Damu



Siasa zinapomwaga damu, watu huuliza kwanza ni nani aliyeanza. Ni swali la haki, na lina wenye kulijibu: mahakama na tume. Lakini liko swali jingine linaloigusa familia kwa muda mrefu zaidi: viongozi walisema nini siku iliyofuata?

Walioshuhudia tukio kwa macho yao huwa wachache. Wengi wetu hulipokea likiwa limekwisha kupewa jina. Waliokufa wameitwa wahuni au mashahidi, na waliobaki wameitwa wasaliti au wauaji. Anayelitoa jina hilo mara nyingi ni kiongozi. Mfuasi hulibeba mpaka nyumbani, akamtazama kwalo jirani wa ukuta mmoja na shemeji aliyemwozesha dada yake.

Tuitazame Zanzibar. Matokeo ya urais ya mwaka 1995 yalitangazwa kuwa asilimia 50.2 kwa Dkt. Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Mgogoro uliofuata haukubaki majukwaani. Ulishuka, hasa kisiwani Pemba, hadi madukani, harusini na makaburini. Watu walisusiana biashara, na wapo waliosusiana hata kuzikana, ilhali sote tunajua kwamba kumzika Muislamu ni fardhi kifaya isiyouliza kadi ya maiti.

Kisha ikaja Januari 27, 2001. Polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF, na Pemba ndiko maafa yalikokuwa makubwa zaidi. Serikali ilitaja vifo zaidi ya 20. Watetezi wa haki za binadamu walitaja zaidi ya 30. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Upande mmoja ulisema dola imejilinda dhidi ya wavunja sheria. Upande wa pili ulisema wananchi wameuawa kwa kudai haki yao. Mfuasi wa CCM hakusikia kiongozi wake akiwalilia waliouawa, na mfuasi wa CUF hakuona sababu ya kumwamini yeyote wa upande wa pili. Ufa ukapanuka.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo makatibu wakuu wa vyama hivyo walitia saini Muafaka, na tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikaundwa kuchunguza. Ilikuwa hatua njema, lakini mengi yaliyoandikwa hayakutekelezwa. Rais wa wakati huo, Benjamin Mkapa, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 2019, kwamba vifo vile viliutia doa uongozi wake. Lilikuwa neno zito la kiungwana. Hata hivyo, mtoto aliyefiwa na baba mwaka 2001 alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima bila kulisikia.

Linganisha na Novemba 2009. Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakaelewana. Kisha kila mmoja akaenda kuwaambia watu wake lile ambalo watu wake hawakutaka kulisikia. Maalim Seif aliwatangazia wafuasi wake kwamba sasa CUF inamtambua Karume kuwa Rais, na si wote walioipokea kauli hiyo kwa furaha. Hapo ndipo penye somo. Kauli ya amani inayoelekezwa kwa mpinzani ni rahisi; inayoelekezwa kwa watu wako mwenyewe ina gharama, na ndiyo inayobadilisha nyoyo. Julai 31, 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba mwaka huo Dkt. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1, tofauti ndogo kama ile iliyotutia msibani zamani, na safari hii visiwa vilitulia.

Utulivu huo nao haukudumu bila kutunzwa. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016 bila CUF, lugha ya zamani ilirejea, na kususiana kukarejea nayo. Mwaka 2020 watu walikufa tena Pemba. Mwezi Desemba Maalim Seif, akiwa ACT-Wazalendo, alikubali kuingia serikalini na Rais Hussein Mwinyi, miezi miwili tu kabla ya kufariki kwake.

Wapo watakaosema maneno laini hufunika dhulma. Hoja yao ina uzito. Anayewaambia wafiwa wasahau, bila uchunguzi wala fidia, hajasuluhisha, amefukia. Suratul-Hujurat, katika aya ya tisa, imeamrisha suluhu na uadilifu kwa pamoja, na hatuna ruhusa ya kuchukua kimoja tukaacha cha pili. Lakini uadilifu hauhitaji matusi. Hakimu hamhukumu mtuhumiwa kwa kuwatukana jamaa zake.

Basi, damu ikimwagika tena popote, Mwenyezi Mungu apishe mbali, tuwapime viongozi kwa mambo matatu. Je, amewataja wafu wote, au wa chama chake tu? Je, amewakemea walio wake waliokosa? Je, amekubali uchunguzi huru, au ametoa hukumu kabla maiti hawajazikwa? Atakayeshindwa katika hayo asipewe nafasi ya kutupangia nani tumzike na nani tumwoze.

Nyumbani nako tuna wajibu wetu. Sauti iliyorekodiwa isiyojulikana ilipotoka isitoke kwenye simu yako kwenda kwa mwingine. Watoto wasijifunze kwetu majina ya dharau ya chama cha jirani. Na wazee wa pande zote wakubaliane mapema, wakati kuna utulivu, kwamba mazishi, posa na kutazama wagonjwa havitasusiwa kwa sababu ya uchaguzi. Makubaliano hayo hayamngojei rais wala mwenyekiti wa chama. Yanaweza kufanyika Ijumaa hii, baada ya sala, kwa watu wawili kushikana mikono.