Mahema Mawili, Bahari Moja

Mwezi uliopita mume na mke, wote wafanyakazi wa misaada hapa Juba, walitembelea kikundi chetu cha vijana karibu na soko la Konyo Konyo. Walikuwa wametoka likizo pwani ya Kenya. Wakatuonyesha picha kwenye simu: Lamu, Manda, Pate, mpaka Kiwayu. Wanapanda mashua, wanashuka, wanapiga hema ufukweni, wanaangalia magofu ya Takwa, kesho wanasonga kisiwa kingine. Picha nzuri, sikatai. Halafu yule mama akasema, "Kulala kwenye hema kunakufundisha kwamba binadamu hahitaji vitu vingi."

Vijana walinyamaza. Na mimi nilinyamaza, kwa heshima, maana ni wageni wetu. Leo sinyamazi.

Mimi nimekulia Kakuma. Kambi ile ilifunguliwa 1992, na hema nimelijua kabla sijajua darasa. Halikunifundisha kitu. Lilivuja, mchana likawa moto, vumbi la Turkana likaingia mpaka kwenye uji. Lakini shida yenyewe haikuwa turubai. Shida ilikuwa karatasi. Kwenda Kitale tu, unaomba ruhusa na unasubiri. Mwenye likizo akichoka anakunja hema lake anaenda. Sisi tulichoka miaka mingi, na hema likabaki palepale.

Tena visiwa vile vina habari ambayo picha hazisemi. Ukipita Kiwayu kwenda kaskazini, ukavuka mpaka wa Somalia, unakuta visiwa vya Wabajuni: Chula, Chovai, Koyama. Vita vilipochacha 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa mashua na majahazi, kuja kusini kwenye bahari hiyohiyo. Lugha yao ni Kibajuni, lahaja ya Kiswahili, na Wabajuni wenzao wako Lamu tangu zamani. Hata hivyo waliandikwa wakimbizi, wakawekwa kambini Mombasa, na baadaye kambi zile zikafungwa. Bahari ni moja. Huyu anaitwa mtalii, yule anaitwa mzigo.

Mtaniuliza: kwani watu wasiende likizo? Waende! Kazi ya hapa inachosha, na bahari simwonei mtu wivu. Ninachokataa ni kufundishwa uzuri wa kukosa na mtu mwenye tiketi ya kurudi mfukoni.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 26, unasema mkimbizi aliyeko nchini kihalali ana haki ya kuchagua pa kukaa na kutembea huru, kama wageni wengine. Kenya iliukubali tangu 1966. Basi nyinyi ndugu zetu mnaoingia kwenye ofisi ambazo sisi tunaishia getini, msituletee semina nyingine ya uvumilivu. Uvumilivu tunao, tumeuzoea. Ulizeni huko ndani: karatasi ya kutoka kambini inachukua siku ngapi? Nani anaikataa, na kwa sababu gani? Hilo ndilo somo la hema.

Jumamosi iliyofuata tulivuka Nile kwa boti kwenda kisiwa cha Gondokoro, vijana kumi na moja, na mihogo ya kuchemsha kwenye ndoo. Kijana mmoja aliyezaliwa kambini aliniuliza mara tatu, "Kaka, tunatakiwa kurudi saa ngapi?"

Nikamwambia, "Tukitaka."

Hakuniamini. Akauliza tena.