Glasi ya Westlands na Kopo la Mathare



Katika jiji letu la Nairobi ziko pombe za namna mbili, nazo hazitofautishwi na kimea, wala na chachu, wala na nguvu ya kileo kilichomo. Hutofautishwa na mtaa zinakopikwa. Anayepika kidogokidogo Westlands, au kando ya Ngong Road, huitwa fundi, na picha yake hutiwa magazetini. Anayepika kidogokidogo Mathare huitwa mhalifu, na sufuria yake hupigwa teke. Sisi twaliita jambo hili dhuluma. Na linatuumiza zaidi kwa kuwa parokia zetu zimo ndani yake kwa saini na kwa mihuri.

Wapo watakaoshangaa kwamba karatasi ya Haki na Amani inazungumza juu ya baa. Hatukuanza sisi. Zimeanza kupitishwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo barua za kumwomba Chifu na mkuu wa polisi “wafagie” vilabu vya pombe za kienyeji, na wenyeviti wanaombwa kutia saini kwa niaba ya waamini wote. Kabla ya kusema lolote tuliona yafaa kwenda kutazama pande zote mbili. Kwa majuma kadhaa tuliingia katika baa zinazouza hizo ziitwazo bia za ufundi, yaani bia zinazopikwa na watu wachache kwa mapipa machache. Kisha tukateremka bondeni.

Tuseme kweli: baa hizo ni mahali pazuri. Mapipa ya chuma kinachong'aa husimama nyuma ya ukuta wa kioo, ili mnywaji aone kinywaji chake kinakotoka. Mgeni asiyejua achague nini huletewa ubao wenye glasi ndogo nne au tano, kila moja na rangi yake, tangu manjano ya asali hadi weusi wa kahawa. Na mhudumu humweleza kwamba hii ni ya shayiri iliyokaangwa sana, hii ni ya ngano, na ile ni chungu kwa sababu imetiwa kwa wingi maua ya hopsi. Kijana mmoja alitufafanulia habari za hamira kwa bidii ambayo tungependa kuiona kwa makatekista wetu wanapofafanua Amri Kumi. Watu hunywa polepole, maana glasi moja ilikuwa kama shilingi 500. Huzungumza. Jumapili mchana tulikuta jamaa nzima pamoja na watoto wao wakila, na wengine tuliwatambua, kwa kuwa saa chache kabla tulikuwa nao kwenye Misa. Hatuna neno dhidi ya nyumba hizo. Arusi ya Kana inajulikana kwa wote, na asiyekunywa asijifanye hakimu wa anayekunywa kwa kiasi.

Lakini tulipokuwa tukisikiliza habari za kimea na hamira, tulikumbuka kwamba tulikwisha kuzisikia mahali pengine, kwa maneno mengine. Mama mmoja wa Mathare, mwamini wetu, alitueleza namna ya kupika busaa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati lililowekwa motoni mpaka uwe rangi ya kahawia na kutoa harufu. Ndipo huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaumuka tena, na mwisho ukachujwa. Anajua kwa pua ni lini kimea kimezidi. Anajua kwamba siku za baridi pombe huchelewa. Alijifunza kwa mama yake, naye kwa wake. Ikiwa huu si ufundi, basi hatujui neno hilo lina maana gani, na kijana yule wa Ngong Road naye aache kulitumia.

Hakuna mtu aliyemwuliza mama huyu habari hizo kabla yetu. Askari wanaokuja kwake kila juma hawaulizi maji yametoka wapi, wala sufuria imesafishwa kwa nini. Huuliza jambo moja tu. Akiwa nacho, huachwa apike. Akiwa hana, pombe humwagwa na yeye hulala kituoni. Huo ndio ukaguzi wote ambao pombe ya maskini hupata katika jiji hili. Kopo alilouzia wateja wake jana limekwisha kulipiwa ada kubwa, ila ada hiyo haikuingia katika hazina yoyote ya umma.

Nasi tusidhani mambo haya ni ya leo. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka. Inasimuliwa kwamba walichochea kwa kuni, wakajaza chupa kwa mkono, na makreti kumi ya kwanza yakapelekwa Stanley Hotel mwezi wa Desemba. George aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na bia ikaitwa Tusker. Basi kampuni iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote ilianza kama jiko dogo la watu wawili, na hakuna askari aliyekwenda kuwamwagia mapipa yao. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 Baraza la Mji wa Nairobi lilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, likaweka kilabu chake Pumwani, na mwanamke aliyepika nyumbani akawa mvunja sheria. Faida ya kilabu ilitumiwa kugharimia huduma za mitaa ya Waafrika wenyewe; yaani kibarua alinunua kwa kiu yake yale aliyostahili kupewa kwa kodi yake. Bia ya chupa, kwa miaka mingi ya ukoloni, hakuruhusiwa hata kuigusa.

Uhuru ulikuja, lakini kipimo hakikubadilika sana. Mwaka 1980 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Wanawake wa Mathare hawakuacha kupika, kwa sababu watoto hawakuacha kula. Mtaalamu Nici Nelson, aliyeishi na kuchunguza huko katika miaka ya 1970, alikuwa amekwisha kuandika namna wapika busaa walivyoshikamana, wakikopeshana pombe na kusaidiana katika shida. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi waliiita Sheria ya Mututho, iliifuta ile ya 1980. Kwa karatasi, basi, mama wa bondeni yu huru. Apate tu leseni, jengo linalofaa, na bidhaa iliyothibitishwa ubora wake. Mwenye chumba kimoja cha mabati, kisicho na bomba, atathibitishwaje? Katika wote tuliozungumza nao hatukukuta hata mmoja aliyewahi kushika leseni hiyo mkononi.

Wakati huohuo ilionekana kwamba Serikali yaweza kulegeza mkono ikitaka. Mwaka 2004 ilitokea bia ya pipa iitwayo Senator, ikapewa nafuu ya ushuru, kwa hoja kwamba maskini apate kinywaji salama kwa bei anayoiweza. Hoja ni njema, na hatuipingi. Ila tazameni nafuu ilikwenda kwa nani: kwa kampuni iliyokuwa tayari imelishika soko. Mwaka 2013 sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilipoondolewa, wanywaji waliikimbia. Mwaka 2015 ikarudishwa. Na Desemba 2024 sheria ya kodi iliwawekea watengenezaji wadogo wa bia wenye leseni kiwango chao cha chini cha ushuru. Tunawapongeza wapishi wa Westlands. Walisema kwamba mdogo hawezi kubeba mzigo wa mkubwa, wakasikilizwa. Twauliza tu kwa nini neno “mdogo” linakoma kwenye barabara ya lami.

Mtatujibu: chang'aa inaua. Ndiyo, imeua. Novemba 2000 walikufa watu zaidi ya 100 hapa Nairobi, katika vijiji vya Mukuru na jirani zake, na wengine wakabaki vipofu. Mei 2014 walikufa makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Februari 2024 walikufa watu wasiopungua 17 Kirinyaga, na Serikali yenyewe ikaeleza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi, ikihifadhiwa katika kituo cha polisi. Hebu someni tena sentensi hiyo ya mwisho.

Kinachopofusha macho na kuua kwa mkupuo namna hiyo ni methanoli, kemikali ya viwandani, ambayo wafanyabiashara wasio na Mungu huitia katika kinywaji ili kiwe kikali kwa gharama ndogo. Haitoki katika bati la kukaangia busaa. Mnunuzi maskini hana njia ya kuitambua, kwa kuwa kila kinachouzwa gizani kinafanana. Na giza hilo limetengenezwa na mkono uleule unaodai kumlinda. Anayetaka kweli kumlinda mnywaji angeleta kipimo na bomba la maji.

Wala tusieleweke vibaya. Ulevi umevunja nyumba nyingi katika parokia hizi. Tumeketi na wake waliopigwa na watoto waliofukuzwa shule kwa karo iliyonywewa. Chang'aa iliyotoneshwa kwa moto si busaa, na nguvu yake inahitaji mkono mzito zaidi wa sheria. Anayemwuzia mtoto pombe akamatwe, awe Mathare, awe Westlands, ambako nako tuliona vijana ambao hatungeapa kwamba wametimiza miaka 18. Lakini mwenye baa ya Westlands akilaumiwa na majirani kwa kelele, mambo huenda kwa barua, kwa wakili na kwa kikao. Mama wa bondeni hupata kikao chake mbele ya hakimu, asubuhi, akiwa amevaa nguo alizolala nazo.

Na sisi je? Tunazijua parokia zilizofanya harambee ya paa la kanisa katika ukumbi wa baa nzuri, padre akabariki chakula, nasi hatukuona kosa. Parokia hizohizo zimemkatalia mpika busaa uongozi wa Jumuiya, na sadaka yake ikapokelewa. Amehukumiwa mara mbili, bila kuulizwa hata mara moja.

Kwa sababu hiyo twawaomba madiwani wetu, ambao baadhi yao ni waamini, wapeleke katika Bunge la Kaunti hoja ya leseni ya wapika pombe wadogo, kwa ada wanayoiweza, pamoja na banda la kupikia la pamoja lenye maji safi na mkaguzi wa afya anayejulikana kwa jina. Akina mama wakijiunga katika chama, parokia iwape ukumbi wa kukutania bila malipo, kama inavyowapa wengine. Na zile barua za “kufagia” zikiletwa Jumapili ijayo, mwenyekiti yeyote wa Jumuiya asitie saini, wala katibu asigonge muhuri, mpaka kila aliyetajwa humo ameitwa, akaketi, akasikilizwa mbele ya jirani zake.